Barua Ni ya Watu Wawili



Nilipokuwa na umri wa miaka kumi nilikuwa na kazi moja ya heshima kijijini kwetu, wilayani Muheza. Nilikuwa msomaji wa barua. Bibi yangu mzaa mama hakujua kusoma, na mjomba wangu, mtoto wake wa pekee wa kiume, alikuwa akifanya kazi Mombasa. Barua zake zilipitia sanduku la posta la shule ya msingi. Juu ya bahasha paliandikwa "Kwa mkono wa Mwalimu Mkuu", kisha jina la bibi. Mwalimu alinikabidhi bahasha, nami nikaipeleka mbio nyumbani. Bibi alifunga mlango wa uani, akakaa juu ya kigoda, ndipo nikaanza kusoma.

Siku ya kwanza, kabla sijaichana bahasha, bibi aliniambia hivi: "Mjukuu wangu, macho yako nimeyaazima. Mdomo wako sikuuazima." Nikaitikia kama waitikiavyo watoto. Lakini haukupita mwezi nikawasimulia wenzangu kisimani kwamba mjomba ametuma fedha za mabati. Jioni ile ile majirani wawili walikuja kukopa. Bibi hakunipiga. Barua iliyofuata aliipeleka ikasomwe na mtoto wa nyumba ya pili. Adhabu ile iliniuma kuliko fimbo, na ndiyo iliyonifundisha kwamba kusoma barua ya mtu ni dhamana.

Nimeyakumbuka hayo kwa sababu majuzi shangazi yangu alinijia na simu yake mkononi. Simu ilikuwa imezima yenyewe, alipoiwasha ikamdai anwani ya barua pepe na neno la siri. Shangazi hajapata kuandika barua pepe hata moja maishani mwake. Akaniuliza kwa hasira, "Hivi baba, huyo Gmail ni nani hata anidai siri zangu? Mimi nina deni naye?"

Nilicheka, kisha nikaona aibu ya kucheka, kwa sababu swali lake ni zuri kuliko majibu yangu. Leo ninaomba tulijibu pamoja: huyo Gmail ni nani, alitufikiaje, na ana haki gani ya kushika barua zetu?

Wasikilizaji wenye umri kama wangu watakumbuka jinsi mambo yalivyokuwa. Huduma ya barua pepe ya bure iliyosomwa kwa njia ya intaneti haikuanza na Gmail. Hotmail ilifunguliwa Julai 1996, na mwishoni mwa mwaka 1997 ikanunuliwa na kampuni ya Microsoft. Mwaka huo huo wa 1997 Yahoo nayo ikaanzisha ya kwake. Kwetu sisi, ambao mtu akipata sanduku lake mwenyewe la posta alihesabiwa kuwa amefika, jambo hilo lilikuwa neema. Kwa mara ya kwanza kijana asiye na kazi wala nyumba aliweza kuwa na anwani isiyopitia kwa mkono wa mtu.

Neema hiyo ilikuwa na ufinyu wake. Mwanzoni mwa mwaka 2004 sanduku la bure la Hotmail lilikuwa na nafasi ya megabaiti 2, na la Yahoo megabaiti 4. Picha chache tu zilitosha kulijaza. Nilikuwa mwanafunzi wa stashahada ya uandishi wa habari jijini Dar es Salaam wakati huo, na kila Jumamosi nilikwenda intaneti kafe kufuta barua. Nililipia dakika za kufuta kama ninavyolipia dakika za kusoma. Nilifuta za marafiki, nikafuta za kaka yangu, ili mpya zipate pa kuingia.

Tarehe 1 Aprili 2004 kampuni ya Google ya Marekani ikatangaza huduma yake, Gmail. Ilitoa nafasi ya gigabaiti 1, yaani mara 500 ya ile ya Hotmail. Kwa kuwa ilikuwa siku ya wajinga, watu wengi, wakiwamo waandishi wa habari, walidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Mhandisi aitwaye Paul Buchheit alikuwa ameianza kazi hiyo mwaka 2001. Nia ilikuwa mtu asifute barua tena. Azirundike tu, na akitaka moja aitafute kwa kuandika neno, kama atafutavyo jambo kwenye mtandao.

Lakini huwezi kujiandikisha hivi hivi. Ilikuwa lazima ualikwe na aliyekwisha kuingia, naye alipewa mialiko michache. Binadamu ni yule yule: kinachogawiwa kwa kadi hugombewa. Mialiko ikaanza kuuzwa katika mnada wa mtandao wa eBay, kitu cha bure kikanunuliwa kwa dola. Mimi nilipata mwaliko wangu mwishoni mwa mwaka ule kutoka kwa mwenzangu aliyekwenda kusoma Uingereza. Nilijiona mtu. Nilitaja anwani yangu mpya hata mahali nisipoulizwa. Milango ilifunguliwa kwa watu wote mwaka 2007 tu.

Sasa tufike kwenye bei. Wahenga walisema cha bure ghali, na Google yenyewe haikuficha. Gharama za huduma zingelipwa na matangazo ya biashara, na matangazo hayo yangechaguliwa kulingana na maneno yaliyomo ndani ya barua. Ukiandikiwa na ndugu yako kwamba gari limeharibika, pembeni mwa barua hiyo lingeweza kutokea tangazo la vipuri. Ili hilo liwezekane, ilibidi mashine ipitie barua.

Malalamiko hayakuchelewa. Tarehe 6 Aprili 2004, siku tano tu baada ya tangazo lile, mashirika 31 ya kutetea faragha na haki za raia yaliiandikia Google barua ya wazi. Yaliomba huduma isimamishwe hadi masuala hayo yajibiwe. Katika jimbo la California, seneta Liz Figueroa akaandaa muswada wa kubana uchambuzi wa namna hiyo. Seneti ya jimbo iliupitisha mwezi Mei 2004, ila haukupata kuwa sheria.

Google ilijibu kwamba hakuna mtu anayesoma. Ni kompyuta tu, na kompyuta haina umbeya. Ikaongeza kwamba huduma zote za barua pepe tayari zilikuwa zikipitia barua kwa mashine ili kuchuja zenye virusi na zile za takataka. Hoja hiyo ina uzito, na ni haki kuisema. Ukikubali mashine ikague barua yako ili ikulinde na wezi, ni vigumu kulia kwamba mashine imegusa barua yako.

Nami nilikuwa upande wa hoja hiyo. Katika mabishano yetu ya chuoni nilisema, tena kwa sauti, kwamba sina la kuficha, na kwamba Mmarekani hana haja na habari za mwanafunzi anayedaiwa kodi ya chumba. Wenzangu walinipigia makofi.

Lakini katika barua ile ya mashirika 31 palikuwa na hoja moja niliyoiruka. Walisema kwamba mwenye sanduku amekubali masharti, sawa. Je, aliyemwandikia? Mtu anayetuma barua kwa mwenye Gmail, akiwa yeye mwenyewe hana Gmail, hakusaini kitu. Hakuulizwa. Lakini maneno yake nayo yanapitiwa. Barua ni ya watu wawili, ilhali mkataba umewekwa sahihi na mmoja.

Hoja hiyo niliielewa mwaka 2006, nami naomba niisimulie bila kujipamba.

Nilikuwa nimeanza kazi ya utangazaji. Karani mmoja wa ofisi ambayo sitaitaja alinitumia kwa barua pepe orodha ya majina ya wafanyakazi hewa waliokuwa wakilipwa mishahara. Alikuwa mtu mzima, mwenye watoto sekondari, na alinisihi jina lake lisijulikane. Nilimwahidi. Mtakumbuka kwamba mwaka 2006 ulikuwa mwaka wa mgao mkali wa umeme. Nilikuwa intaneti kafe nikiisoma barua yake kwa mara ya pili pale umeme ulipokatika. Kompyuta zote zikazima. Nikangoja kidogo, nikachoka, nikalipa, nikaondoka.

Wakati wa kuingia nilikuwa nimeweka alama kwenye kile kisanduku kidogo kinachouliza kama unataka ukumbukwe kwenye kompyuta hiyo. Niliona ni ukarimu. Umeme uliporudi, kijana aliyekaa kwenye kiti changu akafungua Gmail, na mlango ukamfungukia bila kuulizwa neno la siri. Aliingia katika sanduku langu. Alisoma. Alichapisha. Haya niliambiwa baadaye na dada aliyekuwa akihudumia pale, aliyekuwa ameliona jina langu kwenye karatasi akadhani nimemtuma yule kijana. Kwa njia ambazo sikuzijua, karatasi ile ilifika pale isipopaswa kufika. Kabla ya mwezi kwisha, karani alipewa barua ya uhamisho kwenda kituo cha mbali, mwaka wa mtihani wa mwanawe.

Nilimfuata kituo cha mabasi kumwomba radhi. Nilianza kueleza habari za umeme na kompyuta na kile kisanduku. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia kwa upole, "Mdogo wangu, mimi sikuiandikia ile kompyuta. Nilikuandikia wewe."

Sina la kuongeza katika maneno hayo. Mtaona kwamba kosa halikuwa la Google. Mashine ya California haikumhamisha yule bwana. Mimi ndiye niliyemhamisha, mimi niliyesema sina la kuficha. Ni kweli mimi sikuwa na la kuficha. Yeye alikuwa nalo, na alilikabidhi kwangu.

Hilo ndilo somo ninalotaka tulichukue, ndugu wasikilizaji. Tunapojadili faragha tumezoea kuuliza, "Mimi nina siri gani?" Swali hilo ni la mtu mmoja. Ndani ya sanduku lako mna majibu ya vipimo vya dada yako, barua za rafiki anayeachika, nakala ya kitambulisho cha mpangaji wako, ombi la kazi la mtoto wa jirani. Hizo si siri zako za kugawa. Wewe ni mtunzaji tu.

Miaka iliyofuata iliwapa walalamikaji wa mwaka 2004 haki zaidi kuliko nilivyotarajia. Februari 2010 Google ilizindua huduma iitwayo Buzz ndani ya Gmail. Katika kuianza, majina ya watu unaoandikiana nao mara kwa mara yaliweza kuonekana hadharani bila mwenyewe kutambua. Kwa mwandishi wa habari, daktari au wakili, orodha ya wanaomwandikia ni siri hata kama hakuna neno moja la barua lililosomwa. Mamlaka ya biashara ya Marekani iliingilia kati, na mwaka 2011 kampuni ikakubali kukaguliwa na wakaguzi wa nje kuhusu faragha kwa muda wa miaka 20. Buzz yenyewe ikafungwa.

Juni 2013, Edward Snowden, aliyekuwa amefanya kazi chini ya mkataba na idara ya ujasusi wa mawasiliano ya Marekani, alitoa nyaraka zilizoonyesha jinsi idara hiyo ilivyokuwa ikipata mawasiliano ya watu kutoka kampuni kubwa za intaneti, zikiwamo Google, Microsoft na Yahoo. Kampuni zilikana kwamba ziliipa serikali mlango wa kuingia moja kwa moja. Lakini jambo moja lilikuwa wazi: barua zikirundikwa mahali pamoja kwa miaka, bila kufutwa, wenye nguvu hawatakosa kuzitamani. Ile Jumamosi yangu ya kufuta barua, niliyoiona mateso, ilikuwa pia ulinzi.

Kisha Juni 2017, miaka 13 baada ya kuanza, Google ilitangaza kwamba itaacha kutumia maneno ya ndani ya barua za Gmail za bure kuchagua matangazo. Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka yule seneta wa California na yale mashirika 31. Waliambiwa hawaelewi teknolojia. Huenda hawakuelewa kila kitu, ila walielewa kwamba jambo likiachwa bila kuulizwa huwa desturi. Pamoja na hayo, tusidanganyike. Mashine bado inapitia barua kwa kazi nyingine, kama kuzuia matapeli na kukusaidia kutafuta. Kilichokoma ni matumizi yale ya matangazo.

Mtanisamehe nikisema mazuri pia. Mimi bado ninatumia sanduku lile lile nililoalikwa mwaka 2004. Ndani yake mna barua ya mwisho ya kaka yangu, ambayo katika sanduku la zamani ningekuwa nimeifuta siku nyingi. Siwezi kuitukana huduma iliyonihifadhia barua hiyo. Ninachokataa ni kuitumia nikiwa nimefumba macho.

Turudi kwa shangazi. Nilimwuliza nani alimfungulia simu. Akasema ni kijana aliyemwuzia, tena kijana mwenye adabu, alimfanyia kila kitu. Nikaelewa. Simu nyingi za Android humtaka mtumiaji awe na akaunti ya Google ndipo aweze kupakua programu kutoka katika duka lake, na akaunti hiyo mara nyingi huja pamoja na anwani ya Gmail. Yule kijana alimwandikisha shangazi kwa neno la siri alilolitunga yeye, akaweka namba yake mwenyewe ya simu ya kurejeshea, akamkabidhi. Tulimkuta dukani. Alifungua daftari, na humo mlikuwa na safu ndefu ya majina ya kina mama, na mbele ya kila jina neno lake la siri, kwa wino wa buluu.

Hakuwa mwizi. Alisema anawatunzia kwa sababu husahau. Lakini mwenye daftari lile anaweza kufungua picha za familia zilizohifadhiwa, namba za jamaa, na barua za benki kwa anayezipokea huko. Daftari likipotea, au kijana akiacha kazi na mwenye adabu kidogo akalirithi, itakuwaje? Shangazi amekuwa na sanduku la barua kwa miaka minne bila kujua kwamba analo, na ufunguo uko dukani kwa mtu.

Sheria sasa zipo. Kenya ilipitisha sheria yake ya kulinda data mwaka 2019. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na iko Tume ya kuisimamia. Katiba yetu, katika ibara ya 16, inamhakikishia kila mtu hifadhi ya faragha yake na mawasiliano yake. Hayo ni mema, na tuyadai. Lakini hakuna sheria itakayokuja kulifunga daftari lile pale kaunta kama sisi wenyewe hatujaliuliza.

Kwa hiyo naomba tufanye mambo matatu mepesi. Kwanza, ukimnunulia mzazi simu, kaa naye, mfungulieni anwani pamoja. Neno la siri alitunge yeye, na namba ya kurejeshea iwe yake au ya mtoto anayemwamini. Kama akaunti ilikwisha kufunguliwa dukani, badilisheni vyote viwili leo. Pili, washa ule ulinzi wa hatua mbili, ambao humtaka anayeingia kwa kifaa kigeni athibitishe kwa simu yako. Na ukisoma barua kwenye kompyuta ya ofisi au ya kukodi, usiinuke kabla hujatoka katika sanduku. Umeme ukikukatikia, rudi. Tatu, barua ya mwenzio iliyobeba siri yake, ukishamaliza shughuli nayo, ifute. Wingi wa nafasi si sababu ya kuweka kila kitu.

Shangazi sasa ana neno lake la siri. Amekataa kuniambia mimi, na nimefurahi kwamba amekataa. Alipomaliza kuliandika, kidole kimoja kimoja, aliniuliza kama huyo Gmail naye ameambiwa asitoe mdomo nje. Nikamjibu ukweli: ameambiwa, lakini inafaa tuwe tunamkumbusha.

Bibi yangu alikwisha tangulia mbele ya haki. Baada ya miezi miwili ya kuninyima barua zake alinirudishia kazi yangu, akafunga mlango wa uani, akaniwekea bahasha mapajani. Hakuyarudia maneno yake ya siku ya kwanza, na sikuhitaji ayarudie.